Simu Zinapata Intaneti, Kompyuta ya Mezani Haipati

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la steshenari mjini Morogoro. Kompyuta yangu ya mezani imeunganishwa kwa waya na ruta iliyoko chumba cha nyuma, na waya huo unapita darini. Tangu paa lilipokarabatiwa, kompyuta inaonyesha kwamba imeunganishwa lakini haina intaneti, ingawa simu zetu zote zinatumia waifai ya ruta hiyohiyo bila shida. Taa ya kwenye tundu la waya inawaka. Fundi aliyeitazama alikuta anwani ya IP inayoanza na 169.254, akasema ni virusi na kwamba inabidi apige Windows upya. Je, nimkubalie?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimkubalie kwa sasa, kwa sababu namba aliyoiona yeye mwenyewe inaelekeza kwingine. Kompyuta inapowashwa huomba anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao, kutoka kwa ruta, na kwa kawaida hupewa inayoanza na 192.168 au 10. Ikiomba bila kujibiwa, Windows hujipangia yenyewe anwani ya 169.254, ambayo haiwezi kuifikisha kwenye intaneti. Namba hiyo, basi, haithibitishi kuwapo kwa virusi. Inasema tu kwamba ombi halikufika kwenye ruta, au jibu halikurudi. Inatuonyesha pia kwamba kompyuta yako imewekwa kupokea anwani yenyewe, hivyo huna haja ya kupekua mipangilio hiyo.

Kwa kuwa simu zinapewa anwani na ruta hiyohiyo, wa kushukiwa wamebaki watatu: waya, tundu la ruta na kompyuta. Taa isikupe imani kupita kiasi, kwani inaonyesha kwamba ncha mbili zinahisiana, si kwamba data inapita salama.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuibeba kompyuta hadi chumba cha nyuma, pamoja na kioo na kibodi yake (ni usumbufu, lakini ni nafuu kuliko kupoteza mafaili ya wateja), na kuiunganisha na ruta kwa waya mfupi, ule unaokuja ndani ya boksi la ruta. Anza na tundu lilelile ambalo waya wa darini umechomekwa. Intaneti ikipatikana, kosa liko kwenye waya wa darini. Isipopatikana, zima ruta na uiwashe tena, kisha jaribu tundu jingine, ila usiguse lile linaloingiza huduma kutoka nje, ambalo mara nyingi huwa na rangi tofauti. Matundu yote yakikataa, hapo ndipo tuitilie shaka kompyuta.

Mimi naushuku waya, kwa sababu tatizo lilianza baada ya mafundi kukanyaga dari. Huenda umebanwa na mbao au baadhi ya nyuzi zake nane za ndani zimekatika, na huenda pia ulikatwa kisha ukabanwa kichwa kipya (plagi ya plastiki ya nchani) kwa mpangilio usio sahihi. Kosa hili la mwisho ni la kawaida sana: nyuzi hizo husokotwa mbili mbili kwa rangi, na fundi hupanga jozi hizo za rangi moja baada ya nyingine, ncha zote mbili zikafanana, na taa ikawaka, lakini waya mrefu ukashindwa kupitisha data. Shika kichwa klipu ikiwa upande wa nyuma na waya ukielekea chini. Kuanzia kushoto, mpangilio unaotumika zaidi ni nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Uzi wa tatu na wa sita lazima zitoke katika jozi moja iliyosokotwa pamoja, ndiyo maana jozi ya kijani hutenganishwa na kuipisha ya buluu katikati.

Ikithibitika kwamba kosa ni la kompyuta, bado hatujafika kwenye kupiga Windows. Zima kwa muda ukuta wa ulinzi (firewall) wa programu ya kuzuia virusi uone kama ndio unaozuia. Kisha iondoe kadi ya mtandao katika orodha ya vifaa vya Windows na uiwashe kompyuta upya ili draiva, yaani programu inayoendesha kadi hiyo, ijipakie tena. Ikihitajika draiva mpya, unganisha simu kwa waya wa USB na utumie intaneti yake kuipakua. Kama tundu lenyewe limeungua, jambo linalotokea baada ya radi, kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye USB itachukua nafasi yake bila kufungua kompyuta.

Ukilazimika kupitisha waya mpya, usiunge wa zamani kwa selotepu. Omba waya wa mtandao wa daraja la Cat5e wenye shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, hakikisha hauzidi mita 100 kutoka ncha hadi ncha, na uupitishe mbali na nyaya za umeme.