Soriasisi na kilo za mwili: kipi kilimtangulia mwenzake?

SWALI: Daktari, nina miaka 39 na kazi yangu ni ya kukaa. Soriasisi, huu ugonjwa wa ngozi wa madoa yenye magamba, ilinianza viwikoni miaka sita iliyopita, nikiwa na kilo 86. Leo nina kilo 104, urefu sentimita 170, na madoa yameenea magotini, mgongoni na kinenani. Daktari niliyemwona amesema nipungue kwanza ndipo anianzishie dawa za kumeza. Je, unene ndio ulioleta ugonjwa, au ugonjwa ndio ulioniletea unene? Na nikipungua nitapona?

JIBU: Nianze na hilo la kupungua kwanza, maana silikubali. Soriasisi iliyosambaa hivyo hutibiwa sasa, na uzito unashughulikiwa sambamba. Ngozi ikiwa imepasuka, jasho linachoma na nguo inakwaruza; mtu huyo atafanyaje mazoezi?

Kuhusu kipi kilitangulia: ugonjwa ulipoanza, BMI yako, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ilikuwa karibu 30, na sasa ni 36. Ushahidi unauelemea uzito. Marekani, wauguzi wanawake zaidi ya 78,000 walifuatiliwa kuanzia 1991 hadi 2005. Waliokuwa na BMI ya 35 kwenda juu walipatwa na soriasisi karibu mara 2.7 kuliko wenye 21 hadi 22.9. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kila nukta moja ya BMI inayoongezeka hupandisha uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 9. Upande wa pili, ugonjwa kuleta unene, ushahidi ulikuwa hafifu. Hata hivyo usijilaumu. Urithi una nguvu kubwa hapa, na wembamba wenye soriasisi kali ninawatibu pia. Isitoshe, anayeona haya kuvaa kaptula hatoki kukimbia, na kilo humwongezeka kwa njia hiyo.

Mafuta ya tumboni si akiba iliyolala tu. Hutoa kemikali zinazoichochea kinga ya mwili, zikiwemo TNF na IL-6. TNF hiyohiyo ndiyo ambayo baadhi ya sindano za soriasisi zimetengenezwa kuizuia! Kinga ikichochewa kupita kiasi, chembe za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi kufika juu hufika kwa siku chache, zikarundikana na kuwa magamba.

Doa la kinenani nalo lina hadithi yake. Kwenye mikunjo soriasisi haina magamba. Hung'aa na kuwa na unyevu, ndiyo maana wengi huishia kupakwa dawa ya fangasi kwa miezi bila nafuu. Mwili ukinenepa mikunjo huongezeka, na msuguano wenyewe huamsha madoa. Usipake hapo krimu kali ya steroidi uliyopewa kwa ajili ya viwiko, itaichosha ngozi hadi iwe nyembamba.

Kupona kabisa siwezi kukuahidi. Nafuu, ndiyo. Italia, wagonjwa 303 wenye uzito mkubwa ambao dawa zilikuwa hazijawasafisha ngozi walifuatiliwa kwa wiki 20. Waliopangiwa mlo na mazoezi, kipimo chao cha ukali wa ugonjwa, PASI, kilishuka kwa asilimia 48. Waliopewa ushauri tu, asilimia 25.5. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 5 ya uzito, ambayo kwako ni kilo tano na kidogo. Jaribio dogo la Denmark, la watu 60, lilielekea hukohuko, ila tofauti kwenye ngozi haikufikia uhakika wa kitakwimu.

Kilo zako zinagusa dawa pia. Ustekinumabu, mojawapo ya sindano za soriasisi, hutolewa miligramu 45 kwa mtu mzima wa hadi kilo 100, na 90 kwa aliyezidi hapo. Infliksimabu, inayotolewa kwa dripu, hupigiwa hesabu kwa kilo. Kwa hiyo upimwe kwenye mizani, usitaje uzito wa mwaka juzi. Methotreksati, mojawapo ya dawa za kumeza, inaweza kuliumiza ini lenye mafuta, hivyo vipimo vya ini hutangulia na pombe huachwa. Labda hilo ndilo lililomtia daktari wako wasiwasi, muulize. Mwombe pia akupime presha, sukari na lehemu.

Umenitajia ngozi tu. Vidole vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au kisigino kikiuma bila kuumia, usingoje miadi ijayo. Soriasisi huingia kwenye viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa.