Kulwa na Doto ndani ya kasha moja: SSD mbili zinazoakisiana

Swali

Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha za harusi na sendoff hapa Mwanza. Kompyuta yangu ni ya mezani, ina Windows 11 Home kwenye diski ndogo ya chipu (SSD) ya GB 256. Wiki iliyopita nimenunua SSD mbili za SATA (zile za kuunganishwa kwa waya) za TB 1, chapa moja, duka moja. Nataka ziwe kama kioo, picha ikiingia kwenye moja iingie na kwenye nyingine. Naanzia wapi? Na nikishamaliza, naweza kuiuza ile hadi diski (hard disk) ya nje ninayotunzia nakala? Ina TB 2 na mteja ameshapatikana.

Jibu

Marahaba. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo lililonishtua: usiiuze.

Diski zinazoakisiana hufanya kila kitu pamoja, makosa yakiwemo. Ukifuta kwa bahati mbaya folda ya harusi ya Jumamosi, inafutika pande zote mbili papo hapo. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kikiingia, kinafunga zote. Mwizi habebi diski moja, anabeba kasha zima. Na wewe uko ukanda wa Ziwa, radi unazijua: mshtuko wa umeme ukipita kwenye pawa saplai, diski zote mbili zinakula kutoka chungu hicho hicho.

Kinachookolewa na mpango huu ni jambo moja, nalo si dogo. Diski moja ikifa Jumamosi usiku na bibi harusi anataka albamu Jumatatu, unaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Umepata muda wa kutafuta diski nyingine. Lakini muda huo una faida ikiwa tu umejua kwamba diski moja imekufa, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakiumia.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya ofisi ndogo ya uhasibu. Ilikuwa na SSD mbili zilizounganishwa hivyo hivyo, na mwenyewe alikuwa na imani nazo kabisa. Mwezi wa kumi na moja ikagoma kuwaka. Nilipofungua kasha nikakuta diski ya kwanza imekufa kweli, lakini ya pili ilikuwa nzima kabisa, ila waya wake wa SATA ulikuwa umelegea. Ulikuwa waya wa bei rahisi usio na kile kibanio cha chuma, ukawa umening'inia nusu ndani nusu nje. Nikaurudisha, diski ikasoma. Faili la mwisho ndani yake lilikuwa la mwezi wa tatu. Miezi minane ile ofisi ilikuwa inaandikia diski moja tu huku ikiamini ina mbili, na onyo kama lilitokea hakuna aliyelisoma. Hesabu za miezi minane zilibidi zijazwe upya kutoka kwenye risiti za karatasi. Kwa hiyo unaponunua waya, chukua wenye kibanio.

Sasa tuje kwenye diski zako. Kama moja bado haijafunguliwa, rudi dukani uombe wakubadilishie, wakupe ya chapa nyingine yenye ukubwa ule ule. Sababu ni kwamba diski pacha zinaanza kazi siku moja, zinaandikiwa kitu kile kile, zinazeeka sambamba. Kuchakaa kwenyewe kusikutie hofu. SSD nyingi nzuri za TB 1 zina dhamana ya kuandikiwa mpaka TB 600 hivi. Ukiingiza GB 100 kila wiki, ni kama TB 5 kwa mwaka, utazeeka wewe kabla yake. Kinachoua SSD mara nyingi ni chipu inayoiendesha, au kasoro ya programu iliyomo ndani ya diski yenyewe, na kasoro ya namna hiyo haichagui. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka mitatu na siku 270 na saa 8, kama programu yake ya ndani isingesasishwa. Na ikishakufa, data nayo haipatikani tena. Hebu fikiria wawili walioanza kazi saa ile ile, wakazima saa ile ile. Hapo kuakisi hakusaidii chochote.

Dukani angalia na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kuna GB 960, GB 1000 na GB 1024, na zote wauzaji wanaziita TB moja. Ukichanganya, kubwa itajipunguza ifuate ndogo. Wakikataa kukubadilishia, tumia hizo hizo, ila kwanza ingia tovuti ya mtengenezaji usasishe programu ya ndani ya kila moja.

Kabla hujaziunganisha, zipime moja moja. Siku hizi kuna SSD bandia zinazojitangaza TB 1 huku ndani zikiwa na nafasi kidogo tu. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kumbe zimeshaanza kuandika juu ya yale ya mwanzo. Programu ya bure inayoitwa H2testw inaijaza diski yote kisha inaisoma tena kuona kama ilichoandika ndicho ilichokuta. Inachukua saa kadhaa, iache ifanye kazi yake.

Diski zikipita, chukua stika mbili na maka peni. Moja iandike Kulwa, nyingine Doto, na chini ya jina andika tarakimu nne za mwisho za namba ya utambulisho iliyochapishwa kwenye diski. Mtu wa Mwanza sina haja ya kukueleza kwamba hayo ni majina ya mapacha. Andika pia kwenye daftari lako. Siku Windows itakaposema diski fulani ni mbovu, itakutajia namba, na hutaki kuchomoa iliyo hai ukaiacha maiti ndani. Nimewaona mafundi wazoefu wakifanya kosa hilo.

Zifunge kwa skrubu, kila moja na waya wake. Ukiwasha kompyuta na moja haionekani, usikimbilie kuilaumu diski. Kama ile ndogo yenye Windows imechomekwa kwenye tundu la M.2 (lile la SSD nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao), ubao mama wa aina nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA pindi M.2 inapotumika. Hamishia waya tundu jingine, kitabu cha ubao kinaeleza ni yapi.

Kuna njia mbili za kuziunganisha, na mimi nitakushauri moja. Ubao mama wako pengine una RAID yake (mpango wa kuunganisha diski) ndani ya BIOS, yaani programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows. Iache. Ubao ukiungua utalazimika kutafuta unaofanana nao ndipo usome diski zako, na ukibadilisha mpangilio wa SATA pale kwenye BIOS, Windows iliyokwisha kusimikwa inaweza kugoma kuwaka. Tumia Storage Spaces iliyomo ndani ya Windows yenyewe, hata hiyo Home unayo. Kompyuta ikifa, unazihamishia zote mbili kwenye nyingine yenye Windows 11 na zinatambulika.

Fungua Start, andika Storage Spaces, ingia Manage Storage Spaces, kisha bonyeza Create a new pool and storage space. Weka alama kwenye Kulwa na Doto. Soma vizuri hapo: kila kilichomo kwenye diski utakazochagua kinafutwa, kwa hiyo hakikisha hujaigusa hadi diski ya nje, na ni salama zaidi kuichomoa kabisa wakati huo. Kwenye Resiliency type chagua Two-way mirror, mfumo wa mafaili NTFS, herufi unayoipenda. Ukubwa uache kama ulivyopendekezwa. Windows itakuruhusu kuandika ukubwa zaidi ya ulionao, lakini diski zikijaa ghafla utapata shida. Utabaki na karibu GB 930 za kutumia, kwa sababu TB mbili zako sasa zinabeba kitu kimoja mara mbili.

Windows yenyewe iache kwenye ile ya GB 256, maana Storage Spaces haiwezi kubeba diski ya kuwashia. Si hasara. Windows unaisimika upya alasiri moja, harusi ya watu hairudiwi.

Kabla hujahamishia hata picha moja ya mteja, lijaribu pigo lenyewe. Weka picha chache za majaribio, zima kompyuta, chomoa waya wa data wa Doto, washa. Picha lazima zifunguke. Sasa fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi, andika Get-VirtualDisk. Pale palipokuwa na neno Healthy utakuta onyo. Liangalie vizuri ulizoee sura yake, kwa sababu ndilo ambalo ile ofisi ya uhasibu haikuliona kwa miezi minane. Zima, rudisha waya, washa, subiri Doto amfikie mwenzake mpaka Healthy irudi. Kisha weka kikumbusho kwenye simu, kila tarehe moja ya mwezi, andika amri hiyo. Kuna programu ya bure pia, CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya kila diski na saa ilizofanya kazi. Usitegemee kidirisha cha onyo kinachotokea pembeni ya skrini wakati wewe unahariri picha 800.

Ungekuwa unatumia Linux ningekupeleka kwenye mdadm, programu yake ya kuakisi diski. Pale unasoma faili la /proc/mdstat, ukiona [UU] wote wapo, ukiona [U_] mmoja ameanguka. Kanuni ni ile ile.

UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ni lazima. SSD za kawaida za nyumbani hazina akiba ya umeme ndani yake ya kumalizia kuandika, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, kilichokuwa njiani kinapotea. Dakika kumi za UPS zinatosha kuzima kwa utaratibu. Mvua ya radi ikianza, zima na uchomoe plagi ukutani.

Tukirudi kwenye hadi diski yako: mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kulwa na Doto mimi nawahesabu kama nakala moja. Hadi diski ya nje ni ya pili: ichomeke jioni baada ya kila kazi, nakili, ichomoe. Usifikirie kuibadilisha na SSD nyingine ya kuwekwa kabatini. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za nyumbani zilizokwisha kufikia kikomo chake cha kuandikiwa kinadai zishike data mwaka mmoja tu bila umeme, kwa nyuzi joto 30. Hadi diski inavumilia kabati vizuri zaidi. Ya tatu, ukipata fedha, nunua hadi diski nyingine ikae kwa dada yako au ofisini kwa rafiki, mzibadilishane kila mwezi.

Na siku mmoja wa mapacha akifa, usimwondoe haraka. Kwanza nakili kila kitu kwenye hadi diski ya nje, kisha chomeka diski mpya kwenye tundu lingine, nenda Storage Spaces, bonyeza Add drives uiongeze, ngoja ijengwe upya mpaka Healthy irudi. Hapo ndipo unamwondoa mfu kwenye orodha, unalinganisha namba yake na stika, unamtoa kwenye kasha.