Laki saba na nusu, kipaimara na kamera ya mtumba

Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 23, nipo Mpwapwa. Huu mwaka wa pili napiga picha za mahafali, komunyo na vikao vya harusi kwa simu, na watu wananiita. Tatizo, picha za ndani ya kanisa zinatoka na chenga, na juzi mama mmoja alikataa kunilipa, akasema hata mwanawe ana simu kama yangu. Nimeuza alizeti, mkononi nina 750,000. Winga (dalali) mmoja wa Kariakoo amenitumia picha ya kamera mpya ya megapikseli 48, na begi lake, kwa laki nne. Rafiki yangu ananiambia nivumilie mpaka nifikishe milioni mbili ninunue ya kisasa. Nimsikilize nani?

Marahaba, kijana wangu. Usimsikilize hata mmoja.

Nianze na winga. Kamera ya aina hiyo nimewahi kuishika, kijana mmoja aliniletea nimfundishe kuitumia. Ni nyepesi kama kopo la mafuta ya kupaka. Hizo megapikseli 48 nyingi zimepikwa na programu iliyomo ndani, si kwamba kamera imeziona. Na hata zingekuwa za kweli, za nini? Picha ya kawaida unayosafishia wateja, ile ya sentimita 10 kwa 15, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800 tu, yaani megapikseli (nukta milioni) mbili na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 haufiki hata megapikseli 9. Kamera yenye 18 inakupeleka mpaka A3, na sijui ni mzazi gani wa komunyo atakayekuagiza zaidi ya hapo.

Kinachokuletea chenga kanisani ni sensa ndogo. Sensa ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kwenye kamera nyingi ndogo za bei ya chini ina upana wa milimita 6 hivi kwa urefu wa 4 na nusu. Kwenye kamera ya lenzi za kubadilisha, tuseme Canon za daraja la chini, ni milimita 22 kwa 15. Piga hesabu ya eneo: ya pili ni mara 12 ya ya kwanza. Wewe wa Mpwapwa unajua maji ya mvua yanavyokingwa. Bati moja na mabati 12, mvua ile ile, simtanki lipi litajaa?

Sasa rafiki yako. Milioni mbili ni fedha nzuri, lakini utazipataje wakati wateja wameanza kukukataa? Kipaimara hakitakusubiri. Kamera inayofanya kazi leo ndiyo itakayonunua ile ya milioni mbili.

Kwa hiyo nenda kwenye mtumba. Zamani nisingekushauri hivi kirahisi. Ila mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili walitoa aina mpya za kamera zisizo na kioo ndani (kile kinachorusha taswira kwenye tundu la kuchungulia), zenye mdomo mwingine wa lenzi, na tangu hapo wenye fedha wamekuwa wakihamia huko na kuuza zile za kioo. Ndizo hizo zinazotufikia. Hazijaharibika, zimeachwa tu, kama makochi ya mtu aliyehamia nyumba mpya.

Tafuta Canon 600D ya mwaka 2011, au ukibahatika 700D ya 2013. Zote zina megapikseli 18. Upande wa Nikon, D3200 ya mwaka 2012 ina 24. Na usibabaishwe na majina: 600D iliyouzwa Marekani imeandikwa Rebel T3i, na iliyouzwa Japani imeandikwa Kiss X5. 700D huko ni Rebel T5i na Kiss X7i. Kamera ni ile ile. Kuna wauzaji wanaoongeza bei kwa sababu jina ni geni, na wengine wanaoshusha kwa sababu hawalijui. Hao wa pili ndio marafiki zako.

Canon au Nikon? Vijana wanaweza kugombana kwa hili mpaka chai ipoe. Swali langu ni moja: huko Mpwapwa au Dodoma, mpiga picha anayeweza kukuazima lenzi ana ipi? Nunua kama yake. Ukiangukia Nikon, kumbuka D3200 haina mota ya kufokasi ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), hivyo lenzi iwe na maandishi AF-S, la sivyo utazungusha kwa mkono huku bibi harusi anapita. Canon wametengeneza lenzi za EF tangu 1987 na zote zinaingia kwenye 600D na kufokasi zenyewe. Kwa mtu wa mtumba hilo si dogo.

Fedha zako ningezigawa hivi. Bodi pamoja na lenzi yake ya kawaida ya kuvuta, ya milimita 18-55, visizidi 430,000. Muuzaji akigoma, ondoka. Atakupigia kabla hujafika Ubungo. Weka 150,000 kwa flashi ya kuchomeka juu ya kamera na betri zake nne za kuchaji. Betri ya pili ya kamera na memori kadi mbili, 60,000. Hiyo 110,000 inayobaki ni nauli na akiba, na usije ukaniambia umeiongezea kwenye bodi.

Najua flashi ndiyo utakayotaka kuiruka. Mwaka 1999, hapa Morogoro, nilikuwa na kamera ambayo wenzangu wote mjini waliionea wivu. Flashi nilikuwa naazima. Nikapata harusi kubwa, na wakati wa kukata keki ile flashi ya watu ikafa. Filamu ilikuwa na picha 36, nimebakiza tisa, ukumbi una taa mbili za njano. Tukaibeba keki nje, tukawasha taa za gari la maharusi. Picha zilitoka, lakini bibi harusi amekodoa macho kama dereva aliyesimamishwa na trafiki. Baba yake alinilipa nusu, na nilipokea bila kusema neno.

Ukishakuwa nayo, usimwelekezee mtu usoni. Geuza kichwa cha flashi kitazame dari nyeupe, mwanga umshukie mtu kutoka juu. Kanisani penye paa la bati bila dari mwanga utapotelea juu. Hapo funga kipande cha karatasi ngumu nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa kufungia fedha. Kasi ya shata (pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa) kwenye 600D usivushe 1/200 ya sekunde, ukivusha utapata ukanda mweusi upande mmoja wa picha. Na muombe padre ruhusa kabla ya misa. Wengine hawataki flashi wakati wa mageuzo, na wana haki.

Baada ya kazi mbili tatu, nunua lenzi ya 50mm yenye f/1.8. Hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikipungua, tundu linapanuka. Wachina wanaitengeneza, si ghali. Hiyo 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafika f/5.6, hii ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Hapo ndipo chenga zitakapokuaga. Ila kwenye sensa ya kamera hizi 50mm inakuwa kama 80mm, inavuta karibu. Mtoto mmoja na mshumaa wake, safi kabisa. Ukoo wa watu kumi na wawili sebuleni, utajikuta umetoka nje ya mlango na bado shangazi hayumo.

Sasa siku ya kununua. Panda basi uende mwenyewe. Usitume fedha kwa mtu uliyemwona kwenye simu. Nenda asubuhi, mwanga ukiwepo, na memori kadi yako mfukoni.

Toa lenzi, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo ni la kawaida, halionekani kwenye picha. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hilo ni kuvu, rudisha mezani. Kisha rudishia lenzi, weka f/22, piga picha ya anga, uikuze kwenye skrini ya nyuma. Madoa meusi yanayobaki pale pale kila unapopiga ni uchafu kwenye sensa. Unasafishika, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei. Piga picha nyingi mfululizo, usikilize shata. Sikio lako litajua ikikwaruza. Fungua na funga flashi ndogo ya kamera yenyewe, bonyeza kila kitufe, pitisha kidole kwenye mlango wa betri. Betri iliyovimba usiikubali hata kwa zawadi.

Muulize shata imepiga mara ngapi. Kamera za daraja hili zimekadiriwa kufika mara 100,000 hivi. Nyingine hupita, nyingine hufa kabla. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la kila picha, na programu za bure za kompyuta zinaisoma. Canon 600D haiandiki kwenye picha, mpaka uiunganishe kwa waya na kompyuta yenye programu yake. Muuzaji akikuapia kwamba imepiga elfu tano tu huku mpira wa kushikia umeng'aa kama kiti cha bodaboda, unajua la kufanya.

Mwisho, risiti yenye namba ya kamera. Kuna kamera zinazouzwa wakati mwenyewe bado anazitafuta. Mimi nilinunua lenzi moja ya hivyo bila kujua, nikaishia kituoni nikitoa maelezo kutwa nzima, na lenzi nikaiacha huko.

Betri ya 600D inaitwa LP-E8, na ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye 550D, 650D na 700D. Iandike kwenye karatasi. Kariakoo usitaje jina kwa kubahatisha.

*

Assalamu alaykum. Mimi mama wa watoto watatu, nakaa Tanga karibu na bahari. Kamera aliyoniachia kaka yangu imeota ukungu ndani ya lenzi, na ilikuwa kabatini muda wote, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Nikinunua nyingine ya mtumba si itakuwa yale yale?

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Itakuwa yale yale ukiirudisha kabatini kwenye ngozi. Kuvu linapenda giza, joto na unyevu, na huo mkoba unanyonya unyevu kama sifongo. Tanga vyote vitatu vipo bure.

Kanunue ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ile ya kuwekea unga. Ndani weka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au nunua zile chembe zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikibadilika, zikaushe kwenye ovena au kikaango kwa moto mdogo, uzirudishe. Mchele usitumie, una vumbi, na panya wako atakushukuru. La muhimu kuliko yote, itumie. Kamera inayotoka nje kila wiki ikapata upepo na mwanga haioti kuvu upesi.

Hiyo ya kaka usiitupe. Kama kuvu liko kwenye lenzi tu, na lenzi inatoka, bodi inaweza kuwa nzima, na hapo umeokoa zaidi ya nusu ya gharama. Pata lenzi nyingine ya 18-55 ya mtumba. Ila ile yenye kuvu usiiweke ndoo moja na mpya.

*

Mzee, sisi wasichana wa chuo hapa Nairobi tunatafuta zile kamera ndogo za zamani za mwaka 2005 mpaka 2010, picha zake zina rangi tamu. Nimeona moja Olympus na moja Canon, zote bei poa. Nichukue gani?

Binti yangu, mimi hizo niliziuza kwa bei ya kutupa, na sasa naona mnazivaa shingoni. Haya.

Kabla ya rangi, fungua mlango wa kadi. Olympus na Fujifilm za miaka hiyo nyingi zilitumia kadi ya xD, ambayo haitengenezwi tena. Utaipata ikiwa imechoka na kwa bei ya kukomoana. Chukua inayotumia SD. Hata hapo, zile za kabla ya mwaka 2006 mara nyingi hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 2, kwa hiyo usinunue ya 32 ukadhani kamera imekufa. Muuzaji aiwashe mbele yako, na betri pamoja na chaja viwepo, maana chaja ikikosekana utaitafuta mtaa mzima wa Luthuli. Na ukiona ni Sony iliyotoka Japani, bonyeza menyu kwanza: nyingi zilizouzwa huko zina Kijapani peke yake, na hakuna pa kubadilishia.