Kaya 400 zinatosha? Jibu kwa mtafiti anayetaka kuwa mshauri elekezi

SWALI: Nina shahada ya uchumi na miaka minne ya kusimamia wadodosaji. Nataka sasa kujitegemea kama mshauri elekezi wa masuala ya kijamii na kiuchumi. Rafiki amenishirikisha tuombe zabuni ya utafiti wa msingi (wa kupima hali kabla mradi haujaanza) wa mradi wa maendeleo jumuishi wenye vijiji 60. Hadidu za rejea (maelezo ya mteja ya kazi anayoitaka) zinataka tuchague vijiji 20, kaya 20 kila kijiji, na matokeo yaonyeshe hali ya wanawake na watu wenye ulemavu. Je, kaya 400 zinatosha? Na mtu asiyejulikana anaanzaje kupata kazi hizi?

JIBU: Kaya 400 zinatosha kwa swali jepesi kuliko hilo uliloulizwa.

Bila shaka unajua namba hiyo ilikotoka. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 na makosa ya sampuli, yaani umbali kati ya jibu la sampuli na la kaya zote, yasiyozidi asilimia 5 juu au chini, kanuni inakupa kaya 385. Aliyeandika hadidu akaongeza chache za akiba, zikawa 400. Sasa, kanuni ile inachukulia kwamba kila kaya imeokotwa peke yake kutoka kwenye orodha ya kaya zote. Nyinyi mtaingia kijijini na kuchukua kaya 20 kwa mpigo, na majirani hufanana: wanachota kisima kimoja, wanauza kwa mnunuzi mmoja, mvua ikiwakosa imewakosa wote. Kaya ya ishirini haikuambii mengi ambayo zile kumi na tisa hazijakuambia.

Kufanana huko kunahesabika. Tuseme kipimo chake, ambapo 0 ni kutofanana na 1 ni kufanana kabisa, ni 0.05, kadirio la kawaida tu kwa mfano huu. Unachukua kaya za kijiji kimoja, unatoa moja, unazidisha kwa 0.05, kisha unajumlisha 1. Kwa kaya 20 unapata 1.95. Gawa 400 kwa 1.95: madodoso yako 400 yana nguvu ya kaya 205, na makosa yamepanda hadi karibu asilimia 7. Badilisha mpango, nenda vijiji 40 kwa kaya 10 kila kimoja. Kigawanyo kinashuka hadi 1.45, nguvu inakuwa kaya 276, makosa yanarudi chini ya asilimia 6. Idadi ya madodoso ni ileile. Kinachoongezeka ni mafuta ya gari na siku chache za barabarani. Weka hesabu hii kwenye pendekezo lenu la kiufundi, katika jedwali dogo la mistari miwili. Nimekaa upande wa wanaosoma mapendekezo, na wengi hunakili hadidu za rejea neno kwa neno kisha huziita methodolojia. Jedwali la namna hiyo linamwamsha msomaji.

Makundi ndiyo yenye kazi zaidi. Tuseme robo ya kaya zinaongozwa na wanawake: una kaya 100, na makosa yanakaribia asilimia 10 kila upande. Mkiandika kwamba asilimia 40 yao wanapata mikopo, ukweli unaweza kuwa 30 au 50. Baada ya miaka mitatu mtathmini akikuta 46, hawezi kusema mradi umesaidia au haukusaidia. Kuna njia mbili za uungwana. Ama muongeze kwa makusudi sampuli ya kundi hilo, kisha wakati wa uchambuzi mrekebishe kwa uzito, ili kundi hilo lirudi kwenye sehemu yake halisi ya eneo, ama mseme wazi tangu kwenye pendekezo kwamba takwimu zitazungumzia eneo zima, na hali ya makundi itaelezwa kwa mahojiano ya kina na vikundi vya majadiliano. Njia ya tatu, ya kukata majedwali kwa jinsia, umri na ulemavu hadi kila kisanduku cha jedwali kikabaki na watu saba, ndiyo inayotumika sana. Msiifuate.

Hata hivyo, hesabu si mahali ambapo kazi hizi huharibika. Huharibikia kwenye orodha. Mwaka wangu wa pili nikiwa mshauri nilipewa kazi ya wafanyabiashara wa soko moja. Kamati ikanikabidhi daftari safi, majina yamepangwa kwa namba za vibanda, nami nikachukua sampuli yangu kwa utaratibu wote wa vitabuni. Siku ya kuwasilisha matokeo, mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza: "Na sisi tunaopanga chini, mmetuandika kwenye daftari lipi?" "Hatumo kwenye orodha yoyote kwa sababu hatulipii kibanda," akaongeza. Walikuwa wengi kuliko wenye vibanda. Ripoti ilikwisha kuchapwa. Nililipwa, lakini ile kazi sijawahi kuionyesha kwa mtu.

Tangu hapo, kabla ya kuchagua jina hata moja, nalizunguka eneo kwa miguu na mtu asiye kiongozi, kisha nauliza orodha imetengenezwa na nani na kwa ajili gani. Ya wanaolipa ada haina wasiolipa, na ya wenye mashamba haina waliokodi. Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo vijijini, aliandika tangu 1983 jinsi wataalamu wanavyoishia kuona vijiji vya kando ya barabara, msimu wa kiangazi, wakizungumza na wanaume na viongozi. Magari yamekuwa bora tangu wakati huo. Tabia haijabadilika sana.

Mlangoni mwa kaya pia kuna mitego. Dodoso linalosema "mhoji mkuu wa kaya" litakuletea maoni ya wanaume juu ya maisha ya wake zao, kwa hiyo panga wahojiwa wawili, mwanamume na mwanamke, katika baadhi ya kaya, kila mmoja peke yake. Kuhusu ulemavu, usiulize kama "kuna mlemavu humu ndani". Watakuficha, au hawatajihesabu. Tumia maswali sita ya Kundi la Washington, jopo la kimataifa la takwimu za ulemavu: shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne, kuanzia hakuna shida hadi haiwezekani kabisa, na anayesema ana shida kubwa au hawezi kabisa katika hata moja ndiye anayehesabiwa. Wafundishe wadodosaji wasilitaje neno ulemavu kabisa wanapouliza. Mzee asiyeona vizuri atakuambia ni uzee tu.

Usidhani haya ni ya majedwali tu. Ukifika kwenye kazi za uhamishaji watu kupisha miradi, Kiwango cha 5 cha IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, kinasema hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi anastahili kulipwa kwa mali yake isiyo ardhi, kama nyumba na mazao, na kusaidiwa kuhama. Jina lililorukwa kwenye daftari lako ni familia isiyopata fidia.

Sasa kuhusu kuanza. Usianze kwa kusajili kampuni. Zabuni nyingi hupima uzoefu wa kampuni na wa wataalamu waliotajwa, na kampuni ya mwezi mmoja haina alama za kupata. Jiunge na wenye jina kama mtaalamu wa takwimu au wa kazi za uwandani, na mkubaliane kwa maandishi kwamba jina lako litaonekana kwenye ripoti. Kwenye wasifu wako usiandike "nilishiriki utafiti". Andika kaya ngapi, wadodosaji wangapi, na uamuzi gani ulikuwa wako. Jifunze vizuri KoboToolbox, zana ya kukusanya data kwa simu, na programu moja ya uchambuzi, Stata au R. Na vijue vigezo sita vya kutathmini miradi vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, maana tangu 2019 cha uwiano (mradi kupatana na mingine) kimeongezwa kwenye vile vitano vya zamani, na bado naona watu wanaorodhesha vitano.

Kuhusu fedha, hesabu siku kabla ya kutaja bei: za kusoma nyaraka, kujaribu dodoso, kusafisha data, na za mteja kurudisha rasimu mara tatu. Hizi za mwisho ndizo zinazosahaulika. Angalia pia malipo yamegawanywaje. Mkataba unaolipa sehemu kubwa baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa unakufanya wewe ndiye mkopeshaji wa mradi, na wadodosaji hawasubiri. Ombeni awamu ya kwanza ilipwe ripoti ya awali, ile ya mpango wa kazi, ikipokelewa, nayo itoshe kugharamia uwandani.

Kwa zabuni hii yenu ningependekeza vijiji 40, kaya 10 kila kimoja, wahojiwa wawili katika baadhi ya kaya, na siku mbili za kuhakiki orodha katika kila kundi la vijiji kabla ya kuchagua majina. Bei itapanda. Mteja akisema bajeti hairuhusu, punguzeni kurasa za dodoso. Hizo siku mbili msiziguse.