Taa ya erbagi ikizimika, bado uliza namba ya shasi

Gari langu nililipokea mpakani Kasumbalesa, limetoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia. Gari dogo la 2003, okazio, yaani lililokwisha tumika, kama mengi ya hapa Lubumbashi, Kongo. Taa ya erbagi, ule mfuko wa hewa unaojaa wakati wa ajali, ilikuwa inawaka. Makanika wangu wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, akatafuta waya chini ya kiti, akausafisha, taa ikazimika. "Mama, endesha tu." Nikaendesha miaka miwili, binti yangu akikaa mbele kila asubuhi tukienda shuleni.

Simlaumu makanika. Taa ile inachunguza umeme tu. Haioni baruti iliyo ndani ya kikopo kinachojaza ule mfuko wa hewa, na ugonjwa mkubwa wa erbagi za miaka ile ulikuwa ndani ya baruti yenyewe. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia nitrati ya amonia. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, na siku ya ajali inawaka kwa nguvu kupita kiasi: kikopo cha chuma kinapasuka, vipande vinamrukia aliyeketi mbele yake. Watu wamekufa kwa vipande hivyo katika ajali ndogo. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine waliita magari yao yarudi kutengenezwa. Marekani peke yake vikopo kama milioni 67 viliingia kwenye wito huo. Takata ikafilisika 2017.

Wito wa namna hiyo ndio rapeli. Mtengenezaji anakubali kasoro ni yake, analipia kipuri na kazi. Wengi wetu tunaichanganya na garanti, yaani dhamana. Garanti ina muda, ukiisha imeisha. Rapeli inafuata shasi, hata gari likiwa limepita mikono mitano.

Kwa hiyo usiulize kama mwaka wa gari lako umo. Magari mawili ya mwaka mmoja, jina moja, moja linaweza kuwemo na jingine lisiwemo. Chukua namba ya shasi, na uisome kwenye gari lenyewe. Mara nyingi iko kwenye kibati chini ya boneti, ukutani nyuma ya injini. Kadi rozi yangu, yaani kadi ya usajili wa gari, ilikuwa imekosewa tarakimu moja, na kwa sababu hiyo mara ya kwanza niliambiwa gari halina rapeli.

Jambo jingine lililonipotezea muda: gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya lina namba ya herufi na tarakimu 17, lakini lililouzwa kwanza Japani lina namba fupi yenye kistari katikati. Namba fupi haitambuliki kwenye kurasa za intaneti za Marekani. Usidhani umepona. Iingize kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji, simu itakutafsiria. Langu likatokea: erbagi ya upande wa abiria.

Siku ile ile binti yangu alihamia kiti cha nyuma, na hakuna aliyekaa mbele tena.

Kwenye konsesyo, yaani duka la wakala wa mtengenezaji, niliyoendea kwanza, kijana wa mapokezi alinijibu, "Mama, gari hii si sisi tuliuza." Sikubishana. Nilimwomba aniandikie jibu hilo kwenye karatasi yenye muhuri. Hakutaka, akamwita mkubwa wake. Yule mkubwa akachukua picha ya kibati, akasema watauliza Japani. Nikawa napita kila Jumatatu. Kipuri kilifika baada ya miezi minne. Kazi yenyewe ilichukua kama saa moja, na sikulipa hata faranga.

Jirani yangu wa Katuba hakupata bahati hiyo. Gari lake liligeuzwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto, dashibodi yote ikafunguliwa na kuunganishwa upya, wakakataa kuligusa. Kama unafikiria kugeuza, maliza rapeli kwanza. Na tafadhali usinunue erbagi iliyofunguliwa kwenye gari la ajali, hata ikiwa bei nzuri. Kikopo chake kinaweza kuwa kile kile kilichoitwa. Wala usimruhusu makanika wa barabarani afungue kikopo, kwa sababu ni baruti.

Ukishatengenezewa, dai karatasi yenye namba ya shasi na tarehe. Yangu naiweka pamoja na kadi rozi, na siku nitakapouza gari nitamkabidhi mnunuzi zote mbili.