Re: Msanii akikwama albamu akaitupa, tumkomalie au tumuache?
Mkuu umeuliza kama msanii wetu akisema kichwa kimekauka na albamu aliyotuahidi kaitupa, sisi mashabiki tumkomalie au vipi. Mi nasema muacheni apumue kwanza. Mcheki Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys kule Marekani, 1966 wametoa albamu ya Pet Sounds, akaingia kwenye nyingine, Smile, akitaka iwe kali kuliko zote, karekodi vipande kibao studio, kichwa kikaanza kumsumbua, Mike Love mwenzake wa bendi nae anahoji mashairi haya yana maana gani, 1967 akaiacha. Watu wakaishia kupewa Smiley Smile, nyepesi nyepesi tu, wengi hawakuielewa. Ile Smile yenyewe kaja kuimaliza 2004, miaka 37 baadae aisee, tena kwa jina lake mwenyewe!

Sasa huku Mbeya tunajuana, dogo akikatiza Mwanjelwa kila mtu "ngoma lini", hata konda wa daladala za Uyole nae anauliza, mistari itatoka wapi hapo? Mi mwenyewe nilimuuliza siku moja kwenye banda la kitimoto, akacheka tu akaangalia pembeni, nikajiona boya. Ila ile advansi ya shoo aliyochukua arudishe, hapo simtetei.