Mbono kwa mashine ya kusaga: nililima ekari tatu nikaishia kwenye sabuni

Mkuu, umeuliza kama inalipa kupanda mbono ekari kumi huko Singida, ukamue mafuta uendeshee mashine yako ya kusaga badala ya kununua dizeli kila wiki. Waliotangulia kukujibu wamesema panda tu, ni dhahabu ya kijani. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza 2007, nikayaamini kwa ekari tatu na injini moja.

Kwa wasioujua, tunazungumzia mbono kaburi, si nyonyo. Wazee waliupanda kuzunguka makaburi na maboma kwa sababu mbuzi haugusi, na fimbo yake ukiichomeka ardhini inachipua. Kipindi kile mafuta duniani yalikuwa yanapaa (Julai 2008 pipa liligonga dola 147) na kila semina tuliambiwa mti huu hautaki maji, hautaki mbolea, unazaa hata kwenye changarawe. Ni kweli ukame hauuui kirahisi. Ila kutokufa na kuzaa ni vitu viwili.

Mwaka wa tatu, shamba langu lote lilinipa kilo 310 za mbegu. Ekari tatu! Nilikuwa nimeahidiwa tani kadhaa. Miche iliyozaa vizuri ni ile ya karibu na zizi, iliyokuwa inakula samadi kimyakimya. Kama una maji na samadi, mkuu, si bora ulime kitu kinacholiwa?

Sasa hesabu iliyoniua. Mbegu ina mafuta kama theluthi moja ya uzito wake, lakini kwa kikamulio cha mkono mengi yanabaki kwenye mashudu. Mimi nilikuwa natumia kilo tano kupata lita moja. Na mbono hauivi kwa pamoja: tawi moja lina ua, tunda bichi, la njano na lililokauka, kwa hiyo unarudi shambani mara kwa mara. Kibarua akichuma na kumenya alinipatia kilo kumi kwa siku, yaani lita mbili. Nilimlipa shilingi 3,000. Kwa hiyo kila lita ilikuwa imeshakula 1,500 kabla sijakamua wala kuchuja, na dizeli kituoni ilikuwa inacheza kwenye 1,600. Jioni ile nilizima taa nikalala bila kumwambia mke wangu.

Kuhusu injini yenyewe, kuwaka inawaka, wala usibishane na anayesema hivyo. Nilikuwa na Lister ya zamani, zile zinazozunguka polepole, zenye kichumba cha pembeni ambako mafuta huanza kuwaka kabla moto haujaingia kwenye silinda. Hizo zina uvumilivu. Injini inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni usiijaribu.

Mafuta ya mbono ni mazito kuliko dizeli mara kumi hivi, na asubuhi ya baridi yanakuwa kama uji. Nilikuwa nawasha kwa dizeli, ikipata moto nageuza koki iende kwenye mbono, na dakika kumi kabla ya kuzima narudisha dizeli isafishe njia. Bomba la mafuta fundi alilizungushia kwenye egzosi lipate joto. Siku mpwa wangu alipozima bila kurudisha dizeli, kesho yake nozeli (kile kinachopuliza mafuta ndani ya injini) ilikuwa imeziba masizi na ringi za pistoni zimeganda. Bei ya zile ringi ingenunua dizeli ya miezi miwili.

Tukajaribu kuyageuza yawe biodizeli kamili. Unapasha mafuta moto, unaweka methanoli kama sehemu moja ya tano pamoja na kostiki soda kidogo, gliserini inashuka chini na biodizeli inabaki juu. Kwenye karatasi ni rahisi. Sisi mafuta yetu yalikuwa na unyevu, ndoo nzima ikaganda ikawa sabuni. Methanoli yenyewe tuliiacha: mvuke wake ni sumu, ukiinywa inapofusha au kuua, na moto wake mchana huuoni. Si kitu cha kuchezea nyuma ya jiko penye watoto.

Lakini ile sabuni! Mama watoto aliikata vipande, majirani wakamaliza wiki ileile. Tangu hapo mbegu zote zilikwenda kwenye sabuni, na lita moja ya mafuta ikarudisha zaidi ya mara mbili ya bei ya dizeli. Mashudu usimpe mnyama hata kidogo, yana sumu. Yaoze kwanza, kisha mwaga shambani.

Sikuwa peke yangu. Desemba 2008 pipa lilikuwa limeshashuka chini ya dola 40. Huko Kisarawe kampuni ya Uingereza iliyopewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ilisimamisha kazi 2011. Kenya, watafiti wakiwamo wa KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya) na ICRAF (kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto) walipima mashamba ya wakulima wadogo, na mwaka 2009 wakashauri mbono upandwe kama uzio tu.

Na hilo ndilo ninalokushauri. Zungushia ekari zako kumi uzio wa mbono, mstari mmoja, fimbo zikaribiane. Ng'ombe wa jirani hawaingii, mbegu zitakazopatikana peleka kwenye sabuni. Ndani weka alizeti. Uko Singida, soko la mafuta na mashudu liko mlangoni kwako. Uza, nunua dizeli.

Halafu hukusema injini yako ni ipi. Piga picha kile kibati cha ubavuni uweke hapa. Inawezekana inakunywa sana kwa sababu nozeli imechoka tu.